Durban 1992: Siku televisheni ilipoketi kiti cha mwamuzi

Mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki hawajausahau usiku wa tarehe 5 Aprili mwaka 2024. Katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, Yanga ya Tanzania ilikuwa ikipambana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa barani Afrika. Stephane Aziz Ki alipiga shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga waliinua mikono wakidai kuwa mpira ulikuwa umevuka mstari. Mwamuzi hakukubali, ingawa mechi hiyo ilikuwa na waamuzi wa video. Dakika tisini zikamalizika bila bao, na Sundowns wakasonga mbele kwa mikwaju ya penalti.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, kuanzia vijiwe vya Kariakoo hadi mitandao ya simu, picha ile ilitazamwa na kurudiwa mara zisizohesabika. Kila aliyeitazama alikuwa na uamuzi wake. Na swali lililoulizwa lilikuwa moja: kama mashine ipo, kwa nini ugomvi bado upo?

Swali hilo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ili kulielewa, hatuna budi kusafiri kiasi cha kilomita 600 kwa barabara kutoka Pretoria kwenda kusini-mashariki, hadi jiji la Durban kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, na kurudi nyuma hadi mwezi Novemba mwaka 1992. Huko, katika mchezo wa kriketi, ndiko televisheni ilikopewa kwa mara ya kwanza mamlaka ya kumtoa mchezaji katika mechi ya Test, yaani mechi ya kimataifa ya siku tano.

Nchi iliyoiogopa televisheni

Uwanja wa Kingsmead hauko mbali na ufukwe wa bahari, na historia yake ina mambo ya ajabu. Mwaka 1939 timu za Afrika Kusini na Uingereza zilikubaliana kucheza hapo mechi isiyo na kikomo cha siku, mpaka mshindi apatikane. Mechi ilianza tarehe 3 Machi. Kufikia tarehe 14, Waingereza walikuwa wamebakiza mikimbio 42 tu ili washinde, lakini ilibidi waondoke wakaiwahi meli yao mjini Cape Town. Mechi isiyo na mwisho ikamalizwa na ratiba ya meli.

Lakini mwaka 1992 uwanja huo ulikuwa ukingoja jambo zito zaidi. Afrika Kusini haikuwa imecheza mechi ya Test nyumbani tangu Machi 1970. Kwa miaka 22 ilitengwa na ulimwengu wa kriketi kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa rangi. Itakumbukwa kuwa mwaka 1968 serikali ya Pretoria ilikataa kuipokea timu ya Uingereza kwa sababu miongoni mwa wachezaji wake alikuwemo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town ambaye sheria za nchi yake zilimweka katika kundi la machotara na kumnyima nafasi ya kuichezea timu ya taifa lake.

Katika miaka hiyo hiyo, watawala wa Afrika Kusini walikuwa na hofu nyingine: hofu ya televisheni. Waziri wa Posta na Simu wa wakati huo, Albert Hertzog, aliipinga kwa nguvu zake zote, akiona kuwa ingeingiza nchini mawazo ya kigeni. Nchi iliyokuwa tajiri kuliko nyingine zote kusini mwa Sahara ilikaa bila televisheni hadi tarehe 5 Januari mwaka 1976. Wakati huo Zanzibar, kisiwa cha karafuu, ilikuwa imekwisha kuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa muongo huo.

Hivyo, nchi iliyochelewa kuikaribisha televisheni majumbani mwake ndiyo iliyokuja kuwa ya kwanza kuipa kiti cha hakimu katika mchezo wa kriketi. Miaka 16 tu ndiyo iliyotenganisha mambo hayo mawili.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Kabla ya kufika kwenye tukio lenyewe, yafaa tueleze kwa nini kriketi ilihitaji jicho la ziada.

Kwa zaidi ya karne moja, mechi za kimataifa za kriketi zilisimamiwa na waamuzi wa nchi mwenyeji. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na wageni hawakukosa kuukumbuka usemi huo kila walipofungwa. Pakistan ilipofungwa Uingereza ililaumu waamuzi wa Kiingereza, na Uingereza ilipofungwa Pakistan ililaumu waamuzi wa Kipakistani. Mwezi Desemba mwaka 1987, mjini Faisalabad, nahodha wa Uingereza Mike Gatting na mwamuzi Shakoor Rana walirushiana maneno makali hadharani, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Siku nzima ya mchezo ilipotea.

Nahodha wa Pakistan, Imran Khan, alikuwa miongoni mwa waliodai kwa sauti kubwa kuwa waamuzi watoke nchi isiyohusika. Mwaka 1986 nchi yake ilijaribu jambo hilo kwa kuwaalika waamuzi wawili kutoka India, jirani na mahasimu wao, wasimamie mechi kati ya Pakistan na West Indies mjini Lahore.

Wakati huo huo, kamera za televisheni zilikuwa zinaongezeka viwanjani. Mtazamaji aliyekaa kitini nyumbani kwake aliweza kuona, kwa picha za mwendo wa polepole, kosa ambalo mwamuzi alilifanya kwa nusu sekunde akiwa amesimama juani. Hapo ndipo heshima ya mwamuzi ilipoanza kumomonyoka. Si kwamba waamuzi wa zamani hawakukosea. Walikosea, ila makosa yao yalibaki kuwa maneno ya mtu dhidi ya maneno ya mtu mwingine. Televisheni iliyageuza kuwa ushahidi.

Kriketi haikuwa peke yake. Nchini Marekani, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani ilijaribu kutumia marudio ya picha kuanzia mwaka 1986, ikaacha baada ya msimu wa 1991, kisha ikarejea mwaka 1999. Mchezo wa besiboli, ambao ni kama binamu wa kriketi, ulikataa kabisa kwa miaka mingi, hata baada ya kosa la mwamuzi Don Denkinger katika fainali za mwaka 1985, ambalo mashabiki wa St. Louis hawajalisahau mpaka leo.

Tarehe 14 Novemba

Timu ya India ilitua Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 1992 katika ziara iliyopewa jina la ziara ya urafiki. Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani, lakini wananchi walio wengi walikuwa bado hawajapiga kura. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ungefanyika Aprili 1994. Vyama vya kriketi vya weupe na vya wasio weupe, vilivyokuwa vimetengana kwa miongo mingi, vilikuwa vimeungana Juni 1991.

Kuchagua Durban kwa mechi ya kwanza kulikuwa na maana yake. Tangu Novemba 1860, vibarua kutoka India walipoanza kushushwa katika bandari hiyo ili wakafanye kazi katika mashamba ya miwa ya Natal, jiji hilo limekuwa makao ya mojawapo ya jamii kubwa zaidi za Wahindi nje ya India. Wajukuu na vitukuu vya vibarua hao walikuwa wamekatazwa na sheria kuiwakilisha nchi waliyozaliwa. Sasa walikuwa wanaiona timu ya India ikiingia Kingsmead, ikiwa ni timu ya kwanza isiyo ya weupe kucheza mechi ya Test katika ardhi ya Afrika Kusini. Upande wa wenyeji naye alikuwemo Omar Henry, mchezaji wa jamii ya machotara, ambaye alipata nafasi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 40.

Mmoja wa waamuzi wawili waliosimama uwanjani alikuwa Steve Bucknor, Mjamaika mweusi mrefu ambaye pia aliwahi kuwa mwamuzi wa soka wa kimataifa. Miaka michache kabla ya hapo lingekuwa jambo lisilofikirika: mtu mweusi kuvaa koti jeupe la uamuzi na kuwaambia wachezaji weupe wa Afrika Kusini, katika nchi yao, nani atoke na nani abaki. Mwenzake alikuwa Cyril Mitchley wa Afrika Kusini. Mwamuzi wa tatu, Karl Liebenberg, hakuonekana uwanjani. Alikuwa ameketi ndani, mbele ya televisheni.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kama mwamuzi wa uwanjani hana hakika iwapo mpigaji amefika kwenye mstari wake kabla vijiti havijaangushwa, angeweza kuchora kwa vidole vyake umbo la mraba hewani, kama mtu anayechora kisanduku cha televisheni. Hiyo ilikuwa ishara ya kumwomba mwamuzi wa tatu atazame picha. Makosa ya aina nyingine hayakuhusika. Mashine ilipewa kazi moja nyembamba: kupima mguu, mstari na vijiti.

Siku ya pili ya mechi, tarehe 14 Novemba, Sachin Tendulkar alikuwa akipiga kwa upande wa India. Alikuwa kijana wa miaka 19 ambaye tayari India nzima ilikuwa imemkabidhi matumaini yake. Alikuwa na mikimbio 11. Aliupiga mpira, akaanza kukimbia, kisha akaona kuwa mwenzake Ravi Shastri haji, akageuka kurudi. Jonty Rhodes, mzaliwa wa Pietermaritzburg aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza ya Test, aliudaka mpira na kuurusha kwa Andrew Hudson, ambaye aliviangusha vijiti.

Je, Tendulkar alikuwa amefika? Kwa macho ya kawaida ilikuwa vigumu kusema. Katika mechi zote zilizotangulia tangu mwaka 1877, mwamuzi angetoa uamuzi papo hapo, na desturi ilimtaka ampe mpigaji nafasi kila penye shaka. Lakini Mitchley alichora kisanduku hewani. Uwanja ukangoja. Liebenberg akaitazama picha ikirudiwa, na jibu likaja: ametoka.

Tendulkar akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya mechi za Test kutolewa na mtu ambaye hakuwepo uwanjani. Aliondoka bila kubishana, kwa kuwa picha ilikuwa haina utata. Mechi yenyewe iliendelea. Nahodha Kepler Wessels aliwafungia wenyeji mikimbio 118, Pravin Amre wa India akafunga 103 katika mechi yake ya kwanza, mvua nayo ikachukua sehemu yake, na mwisho wake ukawa sare. Kilichobaki katika kumbukumbu ni kile kisanduku kilichochorwa hewani.

Mashine haijibu isipoulizwa

Msikilizaji, kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya ushindi wa teknolojia. Lakini haikupita hata wiki mbili kabla ya udhaifu wake kuonekana.

Mechi ya pili ilichezwa Johannesburg mwishoni mwa mwezi ule ule. Jonty Rhodes, safari hii akiwa mpigaji, alikuwa na mikimbio 28 na timu yake ilikuwa mashakani. Alikimbia, vijiti vikaangushwa, na Wahindi wakadai ametoka. Bucknor alisema hajatoka. Nahodha wa India, Mohammad Azharuddin, alimsihi aombe picha. Bucknor alikataa. Alikuwa na hakika na macho yake, na kwa mujibu wa kanuni, mwamuzi ndiye peke yake aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Picha zilizorudiwa kwenye televisheni zilionyesha kuwa Rhodes alikuwa ametoka. Akaendelea kupiga hadi akafikisha mikimbio 91, na mechi hiyo nayo ikaisha sare.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo tunalolizungumzia. Mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, mwamuzi wa tatu alikuwa kitini pake, na jibu sahihi lilikuwa mbele ya macho yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza. Na aliyekuwa na mamlaka ya kuuliza ndiye yule yule aliyekuwa amekosea. Mtu anayekosea akiwa na hakika haoni sababu ya kuuliza, kwa kuwa hajui kwamba amekosea.

Ilichukua kriketi miaka 16 kulitafutia dawa tatizo hilo. Mwezi Julai mwaka 2008, katika mechi kati ya Sri Lanka na India mjini Colombo, wachezaji wenyewe walipewa kwa majaribio haki ya kudai uamuzi upitiwe upya, kwa idadi maalum ya mara. Mwezi Novemba mwaka 2009 mfumo huo ulizinduliwa rasmi katika mechi kati ya New Zealand na Pakistan mjini Dunedin. Hakimu akawa hana tena hodhi ya shaka. Aliyehukumiwa naye alipewa haki ya kukata rufaa.

Durban bila mashine

Jiji hilo hilo la Durban lina hadithi ya pili, inayoonyesha upande wa pili wa shilingi. Tarehe 17 Juni mwaka 1995, katika uwanja wa Kings Park, Afrika Kusini ilicheza na Ufaransa katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na uwanja umejaa maji. Wanawake walioshika mifagio waliingia kuyafagia maji hayo huku ulimwengu ukitazama. Mchezo ulicheleweshwa kwa zaidi ya saa moja, na ilijulikana kuwa kama usingechezwa kabisa, Ufaransa ndiyo ingepita, kwa kuwa mchezaji wa Afrika Kusini alikuwa ametolewa nje kwa utovu wa nidhamu katika mechi iliyotangulia.

Dakika za mwisho, Afrika Kusini ikiongoza kwa pointi 19 kwa 15, Abdelatif Benazzi, mchezaji wa Ufaransa mzaliwa wa Morocco, aliteleza na mpira majini hadi karibu kabisa na mstari. Kama angekuwa ameuvuka, pointi tano zingeipa Ufaransa ushindi wa 20 kwa 19. Mwamuzi Derek Bevan kutoka Wales alisema hakufika. Hapakuwa na mwamuzi wa televisheni katika raga wakati huo, na hapakuwa na kisanduku cha kuchora hewani. Palikuwa na mvua, matope, rundo la miili na macho ya mtu mmoja.

Wiki moja baadaye, tarehe 24 Juni, Afrika Kusini iliifunga New Zealand mjini Johannesburg, na Rais Mandela akiwa amevaa jezi ya timu ya taifa alimkabidhi kombe nahodha Francois Pienaar. Picha ile ilizunguka dunia nzima na imeandikwa katika vitabu vya historia ya taifa hilo. Nayo yote ilisimama juu ya uamuzi wa sentimita chache kule Durban. Waafrika Kusini walio wengi hawana shaka kuwa Bevan alikuwa sahihi. Wafaransa wengi wanaendelea kujiuliza. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2003, mwamuzi wa televisheni alikuwa amekwisha kuwa sehemu ya mchezo huo.

Mwaka 2003 huo huo, sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na sababu yetu ya kuikumbuka Durban. Tarehe 15 Machi, katika Kombe la Dunia la kriketi, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alisimama Kingsmead na kuwaduwaza mabingwa wa dunia Australia kwa kuwatoa wapigaji watatu akiwapa mikimbio saba tu. Siku tano baadaye, katika uwanja huo huo, Kenya ilicheza nusu fainali chini ya nahodha Steve Tikolo. Ilifungwa na India, na miongoni mwa waliowaumiza Wakenya siku hiyo alikuwa Sachin Tendulkar, aliyefunga mikimbio 83 pale pale alipotolewa na televisheni zaidi ya miaka 10 nyuma.

Katika michuano hiyo hiyo lilitokea jambo ambalo halikuhitaji kamera wala mitambo. Katika nusu fainali nyingine mjini Port Elizabeth, mwamuzi Rudi Koertzen alisema Adam Gilchrist wa Australia hajatoka. Gilchrist, aliyejua kuwa mpira ulikuwa umegusa gongo lake kabla ya kudakwa, aliondoka mwenyewe.

Mzunguko wa Tendulkar na Bucknor

Historia ina mizaha yake. Tendulkar, wa kwanza kutolewa na mashine kwa haki, aliishi miaka mingi akitolewa na binadamu kwa makosa. Mjini Brisbane mwezi Desemba 2003, Steve Bucknor alimtoa bila mkimbio hata mmoja kwa mpira uliompiga mguuni, ambao picha zilionyesha kuwa ungepita juu ya vijiti. Mjini Kolkata mwaka 2005, Bucknor alimtoa tena kwa mpira ambao haukugusa gongo. Katika matukio yote mawili kanuni za wakati huo hazikuruhusu picha kutumika kusahihisha. Mwezi Januari mwaka 2008, baada ya makosa kadhaa katika mechi ya India na Australia mjini Sydney, Bucknor aliondolewa kusimamia mechi iliyofuata. Alistaafu mwaka 2009 akiwa amesimamia mechi 128 za Test, idadi ambayo hakuna mwamuzi aliyekuwa ameifikia wakati huo.

Mwaka 2020, akiwa mzee, Bucknor alikiri katika mahojiano ya redio kuwa maamuzi yale mawili dhidi ya Tendulkar yalikuwa makosa. Alisema kukosea ni ubinadamu, na kwamba hakuna mwamuzi anayependa kukosea.

Na India je? Mtu angetarajia kuwa nchi iliyoumizwa na makosa hayo ndiyo ingekuwa ya kwanza kuudai mfumo mpya. Ilikuwa kinyume chake. Baada ya majaribio ya mwaka 2008, bodi ya kriketi ya India haikuridhika na teknolojia ya kukisia mwendo wa mpira, na kwa miaka minane ikaukataa mfumo huo katika mechi zake na nchi nyingine, hadi Novemba 2016. Hata hivyo, katika michuano ya Kombe la Dunia haikuwa na hiari. Tarehe 30 Machi 2011, katika nusu fainali dhidi ya Pakistan mjini Mohali, Tendulkar alitolewa na mwamuzi akiwa na mikimbio 23. Akaomba rufaa. Mashine ikasema mpira ungevikosa vijiti. Akabaki, akafikisha 85, India ikashinda na baadaye ikatwaa kombe. Televisheni iliyomtoa Durban akiwa kijana ilimrudisha akiwa mkongwe.

Lawama haikufa, ilihama

Je, basi, ugomvi umekwisha? Tarehe 13 Januari 2022, mjini Cape Town, nahodha wa Afrika Kusini Dean Elgar alitolewa na mwamuzi, akakata rufaa, na mashine ikasema mpira ungepita juu ya vijiti. Wachezaji wa India, akiwemo nahodha wao Virat Kohli, waliinamia vijiti vyenye kinasa sauti na kuishutumu kampuni ya televisheni ya nchi mwenyeji. Miaka 34 baada ya Faisalabad, tuhuma zilikuwa zile zile: mwamba ngoma huvutia kwake. Tofauti ni kwamba safari hii mwamba ngoma alikuwa mtambo.

Barani mwetu tumeona pia yanayotokea mashine inapoahidiwa kisha ikakosekana. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika tarehe 31 Mei 2019 mjini Tunis, Wydad Casablanca ya Morocco ilikataliwa bao, ikadai picha zitazamwe, ikaambiwa mtambo haufanyi kazi. Wachezaji wake walikataa kuendelea, na kombe likaenda kwa Espérance. Bila shaka mabao mengi yamekataliwa kimakosa katika historia ya soka la Afrika, na timu zikaendelea kucheza. Lililowashinda Wydad kulivumilia si kukataliwa bao peke yake. Walikuwa wameahidiwa ushahidi, na ushahidi haukuletwa.

Besiboli, iliyokuwa imekataa kwa muda mrefu, ilianza kutumia picha mwezi Agosti 2008 kwa aina chache za maamuzi tu. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga alibakiza mtu mmoja ili akamilishe mchezo usio na doa hata moja, jambo ambalo katika zaidi ya karne moja limefanywa na wachache sana. Mtu huyo alikuwa ametoka. Mwamuzi Jim Joyce alisema amefika. Baada ya kuitazama picha, Joyce alikiri mbele ya waandishi wa habari kuwa amekosea na kwamba amemnyima kijana yule haki yake. Siku iliyofuata walikutana uwanjani, Galarraga akamkabidhi orodha ya wachezaji, na mwamuzi akafuta machozi. Mwaka 2014 besiboli ilipanua matumizi ya picha, na kosa kama lile sasa lingesahihishwa kwa muda mfupi.

Lingesahihishwa, naam, na hilo ni jema. Aliyenyang'anywa haki yake hafarijiwi na machozi ya hakimu. Lakini tukitazama safari yote tangu kile kisanduku cha Durban, tunaona kuwa mashine ilijibu swali dogo, yaani mguu ulikuwa wapi, na mstari uko wapi. Maswali makubwa iliwaachia watu wenyewe. Nani ana haki ya kuuliza? Nani anaiendesha kamera? Je, picha itaonyeshwa kwa wote au kwa wachache? Na yule aliyekosea, atakiri?

Mashabiki wa Yanga waliorudi nyumbani kwa uchungu ule usiku wa Aprili 2024 hawakuwa wakiidai mashine, kwa maana mashine ilikuwepo. Walichodai ni kuelezwa kwa uwazi kilichoonekana ndani ya chumba kile na sababu ya uamuzi uliotolewa. Mwaka 1992 pale Kingsmead, kijana wa miaka 19 aliondoka uwanjani bila kulalamika, kwa sababu kila mtu aliweza kuona alichokiona hakimu. Huenda hilo ndilo lililoifanya siku ile kuwa ya haki, kuliko televisheni yenyewe.